Mbao za Kukusikilizia

9 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Ya Mama naiweka hapa pembeni, mwambie aje aichukue mwenyewe. Mimi mzima, kile kifua cha baridi kimeniacha salama. Nyie je? Goti la Mama linakubali ngazi siku hizi?

Ndani ya bahasha hii kuna kaseti. Ndiyo, ile niliyokuahidi. Bendi yetu imerekodi hatimaye. Studio yenyewe ni chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, joto la kuanika nguo, lakini tumetoka humo na nyimbo. Ukitazama nyuma ya jalada utaona nimeandikwa, herufi ndogo kama sisimizi: gitaa la besi.

Sikulazimishi uupende muziki wetu. Najua kwako sauti tamu ni ya randa ikipita kwenye ubao mkavu. Nataka tu unisikie. Tangu nitoke hapo nyumbani na gitaa mgongoni hujawahi kunisikia nikipiga na wenzangu hata mara moja. Sikiliza, halafu niambie ukweli. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwa sababu mimi ni binti yako.

Mwanao

25 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Bahasha imefika pembe moja imeloa lakini kaseti kavu. Sisi hatujambo. Goti la mama yako kupanda linakubali, kushuka linataka kubembelezwa. Mimi mgongo unalalamika nikiinama kwenye meza ya kazi, ila mgongo wa seremala usiolalamika ni wa seremala aliyeacha kazi.

Kaseti nimeisikiliza. Nilizima msumeno, nikafunga mlango wa karakana, nikaiweka kwenye redio ya dirishani, nikakaa kitako kama mgeni. Mwimbaji nimemsikia, ana sauti ya mtu aliyelala vizuri. Ngoma nimezisikia. Lile gitaa jembamba nimelisikia mpaka meno yakaniwasha. Wewe sikukusikia.

Nikasema labda sijui pa kutazama. Nikageuza upande wa pili. Nikasogeza sikio mpaka likagusa redio. Wapi! Mama yako akapita, akauliza, "Unasikiliza nini shingo imepinda hivyo?" Nikamwambia namtafuta mtoto. Akasema, "Mtafute vizuri, yumo humo."

Ulitaka ukweli, ndio huo. Watu wakiniuliza binti yako anapiga nini, huwaambia gitaa la nyuzi nne. Wakiniuliza linaliaje, hujifanya nina msumari mdomoni.

Baba yako

10 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kisha nikakaa kitandani, kicheko kikaniisha.

Masikio yako hayana kosa. Spika ya ile redio ni ndogo kama kisosi, na sauti nzito inataka hewa nyingi isukumwe polepole. Kisosi kitasukuma nini? Ndiyo maana ukaona sipo. Wala si wewe peke yako, Baba. Wengi hawanisikii. Wanajua nilikuwepo siku waya wa gitaa langu ukikatika, ndipo wanageukiana kuulizana kumeharibika nini.

Usihangaike. Siku ukipita mahali penye spika kubwa waombe wakupigie, usimame hapo kidogo.

Salamu kwa Mama, na kwa lile goti.

Mwanao asiyesikika

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya, maana mimi inanitoka nikiwa na vumbi la mbao hadi ndani ya soksi.

Umeniambia nisihangaike. Kwani nina kazi gani nyingine? Nilikwenda kwa Waya. Unamkumbuka, rafiki yangu fundi redio, ambaye tulimwita Waya kwa wembamba wake kabla hata hajajua kuchomelea. Nikamweleza kwamba mtoto wangu yumo kwenye kaseti na hasikiki. Hakucheka. Aliingia chini ya meza yake, akawa anatupa nje makopo na matambara, akatoka na vitu viwili vimefungwa gunia. Akafungua. Spika mbili, koni za karatasi, pana kama sinia, na sumaku nyuma yake nzito za kukuvunja kidole cha mguu. Zilikuwa za ukumbi wa sinema uliofungwa.

Nikamuuliza, "Sanduku lake nilifanye la ukubwa gani?"

"Sanduku la nini?" akasema. "Ukizifungia hizi zitanguruma kama mtu mwenye mafua. Ni za zamani, zinataka kupumua. Chukua ubao, toboa tundu, ifunge hapo, na nyuma uache wazi."

"Wazi kabisa?"

"Wazi kama mdomo wako ulivyo sasa hivi."

Kisha akanieleza, na nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Koni ikienda mbele inaisukuma hewa ya huku, na ya nyuma inaivuta. Kwa hiyo zinazaliwa sauti mbili, mapacha wasiopatana: huyu akisema ndiyo, yule anasema hapana. Wakikutana kwenye ukingo wa ubao wanafutana, na inayofutika kwanza ni sauti nzito. Yaani wewe. "Basi ubao uwe mpana," akasema Waya, "mapacha wachelewe kukutana."

Nikarudi nyumbani nikitembea haraka. Maisha yangu yote nimetengeneza milango. Mlango ni nini kama si kitu cha kuzuia watu wasikutane? Hii kazi naiweza.

Nina milango miwili ambayo mteja aliikataa kwa sababu ya rangi. Naanza na hiyo.

Baba yako

28 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana nimetoka kazini miguu imevimba na nikikaa najua sitainuka. Hamjambo lakini?

Angalia ile milango isiwe ya plaiwudi nyembamba yenye uwazi katikati. Itatetemeka na kuimba yenyewe. Pia usiweke tundu katikati kabisa ya ubao, liweke kando kidogo, ili umbali wa kila ukingo uwe tofauti na mapacha wako wasifike wote kwa wakati mmoja. Niliwahi kuambiwa hivyo na mtu wa studio.

Sina mengi. Nawapenda.

Mwanao

6 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa miguu. Uko salama? Barua zako zimekuwa fupi kama penseli ya fundi.

Onyo lako lilikuta mambo yameshaharibika. Milango ile ilikuwa na uwazi ndani, na tulipowasha iliimba wimbo wake yenyewe, mbaya. Mama yako akasema kama hiyo ndiyo kazi ya mtoto wake basi bora tusimsikie. Nikaivunja. Nikachukua plaiwudi nene, nikabandika mbili mbili kwa gundi, nikazibana kwa klempu zote nilizonazo na juu yake nikaweka ndoo za maji. Nyuma nikapigilia viunzi vya mshazari. Tundu nikaliweka kando, kama ulivyosema, nikalikata kwa mkono taratibu, maana tundu la spika ni kama kola ya shati, likizidi kidogo kila mtu anaona. Juu ya kila spika kubwa Waya akaongeza kispika kidogo cha sauti nyembamba, akakifungia kapasita ili mambo mazito yasikifikie yakakichana.

Tukaziegemeza ukutani sebuleni, Waya akaziunganisha na ile redio. Tukawasha. Ngoma nzuri, mwimbaji kama amekuja kula kwetu. Wewe ukawa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha tatu. Waya akakuna kichwa. Nikakuna changu. Nikasema, mlango ukiwa mfupi unaongezwa ubao pembeni. Basi nikazitengenezea mbawa: kila ubao ukapata mabawa mawili ya bawaba, yanakunjwa kwenda nyuma, spika ikawa imekaa kama mtu aliyefungua koti lake. Kisha tukaziondoa ukutani, tukazileta mbele kabisa, karibu nusu ya sebule imekwenda. Sasa mama yako akitoka jikoni anapita nyuma ya mbao kama mtu anayepita nyuma ya jukwaa. Amelalamika. Amelalamika vizuri sana, nitakusimulia ukija.

Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kuacha, na jua la baada ya mvua limeingia kwa dirisha la upande. Waya alikuwa amekwenda kwake. Nikabonyeza kaseti, nikakaa.

Mwanangu, sijui nikuambieje. Kwanza nilidhani ni gari linapita barabarani. Kisha nikaona gari halipiti, linakaa. Sakafu ilikuwa na vumbi la msasa ambalo sikulifagia, jembamba kama poda, na vumbi lile likaanza kutembea. Likawa linajikusanya, linatawanyika, linajikusanya tena. Na hewa yote ya chumba ikawa na uzito, kama maji ya uvuguvugu yanayopanda kidogo kidogo, yamefika kiunoni, yamefika kifuani, na mimi sizami. Nikajua ni wewe. Sikuambiwa na mtu.

Nimekusikiliza alasiri ile yote, na nyingine zilizofuata. Naziacha sauti zingine zipite, nashika ya kwako peke yake kama mtu anayefuata uzi kwenye kitambaa. Nimekugundulia jambo. Unakuja nyuma kidogo ya ngoma. Kidogo tu, unene wa karatasi. Ngoma ikisema "twende," wewe unasema "nakuja." Ulikuwa hivyo hivyo ukiitwa mezani. Hujawahi kukosa, na hujawahi kuwahi.

Wakati mwingine nasinzia hapo kitini, na katika usingizi naiona nyumba hii ikiwa na chumba kingine ambacho sikukijenga mimi, kipana, na wewe uko humo unatembea. Nikiamka naendelea kusikia hatua.

Tuma nyingine. Bendi yenu haijarekodi tena?

Baba yako

30 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi mbao zimekubali. Mimi sijambo.

Ndiyo, bendi imetoa kaseti mpya. Nimeitia humu.

Mwanao

12 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na wewe nataka kujua hali yako kwa kweli, si kwa desturi ya barua.

Kaseti nimeipiga. Nilimwita Waya, nikamwita na mama yako akaja akiwa na kitambaa cha vyombo begani. Nikawaambia kaeni, leo mtamsikia. Ikaanza. Waya akatikisa kichwa, akasema, "Mtoto amekomaa, anapiga sawasawa." Mama yako akanitazama mimi.

Huyu si wewe.

Anapiga vizuri, simnyimi haki yake. Mkono wake ni safi, hakuna uzi unaokwaruza. Lakini ngoma ikisema "twende," yeye anasema "nimeshafika." Nimerudisha mara nyingi nikidhani labda umebadilika. Mtu hubadilika, lakini habadiliki mpaka akawa mwingine. Nikachukua jalada, nikatafuta zile herufi za sisimizi. Pamekatwa kwa mkasi, vizuri, kwa mstari.

Nikazitoa barua zako nikazisoma tena. Zamani ulikuwa ukiandika "nimetoka mazoezini." Tangu mwezi wa nne unaandika "nimetoka kazini."

Sina hasira. Nataka kujua tu mwanangu yuko wapi, kama humo hayumo.

Baba yako

20 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Naandika tena kwa sababu kimya chako kimekuwa kirefu, na mama yako anadai nimekuandikia kama askari. Labda. Mimi mkono wangu umezoea kuandika vipimo.

Kaseti mpya nimempa Waya. Anaipenda. Ya kwako inapiga hapa kila alasiri. Jirani yetu mshona viatu amehamishia kigoda chake upande wetu wa uzio. Hasemi kitu, anagonga visigino tu, na nimeona sasa anagonga nyuma kidogo ya ngoma.

Andika hata mstari mmoja.

Baba yako

3 Septemba

Baba,

Shikamoo. Shikamoo Mama. Nisameheni.

Nilikuwa najiambia nikae kimya mpaka nipate bendi nyingine, kisha nitasimulia yote kama kichekesho. Haikupatikana. Sasa ni hivi.

Mwezi wa tatu, wiki ile ile niliyokuandikia kuhusu kisosi, kiongozi wetu alituketisha baada ya mazoezi. Alisema kuna watu wamependa kaseti na wanataka tupige kwenye kumbi kubwa. Akasema kila mtu lazima akaze. Kisha akanigeukia mimi mbele ya wote. "Wewe unatuchelewesha. Siku zote uko nyuma. Besi haitakiwi kufikiri, inatakiwa kufika." Nikamwambia nitajirekebisha. Nikajirekebisha, Baba. Nilipiga na saa ya ukutani, nilipiga na matone ya bomba. Nilipokuwa nafika kwa wakati nilikuwa kama navaa viatu vya mtu. Siku moja nikakuta mwingine amekaa kwenye kiti changu anafunga nyuzi, na hakuna aliyenitazama usoni.

Sasa niko kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Nakunja mashuka. Si kazi mbaya. Tunakunja wawili wawili, mnasogeleana na kuachana kama watu wanaocheza, na mashuka yakiwa bado na moto wa pasi chumba kizima kinanukia usafi. Wenzangu ni wema. Gitaa liko chini ya kitanda, sijaligusa.

Barua yako ya mwezi wa sita niliisoma nyuma ya mashine ya kukaushia, ile ya "nakuja." Nilishindwa kuimaliza. Kile nilichofukuziwa, wewe ndicho ulichonitambulia. Ukaomba nyingine, nikanunua kaseti yao mpya, kisha nikachukua mkasi. Nilidhani mbao ni mbao tu. Nilidhani hutajua.

Mwanao

15 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amelia, kisha amemtukana kiongozi wenu kwa maneno ambayo sikujua anayajua. Sasa ametulia. Unakula vizuri? Hilo ni swali lake, lijibu kwanza.

Mimi sijui muziki. Mbao najua. Mbao mbili ukizigonga zikutane kabisa bila nafasi, mvua ikija zinavimba na kupasuana. Fundi huacha mwanya mdogo, mbao zipate kusogea. Asiyejua anadhani umekosea kipimo.

Kiongozi wenu ana bendi yake na safari yake, aende salama. Wewe vuta hicho kitu kutoka chini ya kitanda kabla panya hawajakipima. Kwenye bahasha hii kuna kaseti tupu. Sitaki mwimbaji, sitaki ngoma. Nipigie wewe peke yako, chochote. Kazini kwenu pana mahali pa kupigia?

Ukija likizo, usithubutu kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye mbao zangu. Waya anasema zitachanika kama suruali ya kuazima.

Baba yako

24 Oktoba

Baba, Mama,

Shikamooni. Nakula vizuri, Mama. Naulizwa na wenzangu chakula changu kinakwenda wapi.

Kaseti hiyo hapo. Pana mahali. Jumapili mashine zinafanya kazi nusu, nikakaa kati ya kamba za mashuka, maana yanameza mwangwi. Wenzangu walipeana zamu ya kuchunga mlango, msimamizi asije. Vidole vimeota ulaini, nyuzi zimenichubua. Sikujua nipige nini, nikapiga tu.

Sijaisikiliza. Nikiisikiliza sitaituma.

Mwanao

11 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo kabisa.

Imefika leo mchana. Sikumwita mtu. Nilifagia sebule, nikafungua mabawa ya mbao mpaka pale yanapopenda, nikakaa.

Mwanzo kuna mashine zako, kwa mbali, kama watu wengi wanaopumua usingizini. Kuna mwanamke anasema, "Anza basi." Kisha ukaingia. Hapakuwa na kitu mbele yako wala nyuma yako. Nilisikia kidole kikigusa uzi kabla uzi haujalia. Nilisikia ukubwa wa chumba, na mashuka, naapa, nilisikia mahali yaliponing'inia. Ulikuwa unakwenda polepole, unasimama, unaendelea, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba ambayo ameambiwa ni yake na bado haamini, anafungua mlango mmoja, anachungulia, anafungua mwingine. Nikafumba macho nikakufuata. Sijui tulikwenda wapi. Palikuwa na mwanga mwingi.

Karibu na mwisho umekosea. Kidole kimeteleza, ukasimama. Ukasema, "Ah, jamani," ukacheka, na wale wanawake wakacheka nawe.

Mama yako alikuwa jikoni. Alitoka mikono yote sabuni, akasimama nyuma ya ubao wa kushoto, pale sauti ya pili inapotokea, nikawa naona miguu yake tu chini ya ubao.

"Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha. Ukacheka.

"Rudisha."

Baba yako